Gari Lililoachwa Kwenye Gia

Kampuni ilimtumia Bi Gia gari la kumchukua nyumbani, na gari lenyewe lilikuwa otomatiki. Hilo peke yake lilitosha kumtibua. Miaka thelathini na mmoja aliunganisha magiaboksi ya magari ya spoti kwa mikono yake miwili, na leo wanamwita kwa heshima zote, wanampelekea dereva aliyevaa tai, halafu dereva mwenyewe hana kazi ya kuupa mguu wake wa kushoto. Njia nzima mguu ule ulikuwa umelala tu pale chini, na Bi Gia hakuacha kuutazama.

"Mguu huo umeuleta wa nini?" alimuuliza dereva.

"Samahani, mama?"

"Basi. Endesha."

Mumewe, fundi cherehani ambaye hajawahi kuwa na haraka na jambo lolote duniani, alikuwa amemwonya asubuhi ile mlangoni. "Aliyekutoa kwa mlango akija kukuita kwa dirisha, muulize kwanza kimempata nini," alisema, uzi ukiwa bado mdomoni. Bi Gia alimjibu ashone, aachane na mambo asiyoyajua. Lakini yeye mwenyewe alikuwa ameitoa sandukuni ovaroli yake ya zamani na kuipiga pasi mara mbili.

Kampuni hiyo inatengeneza magari madogo ya milango miwili, ya chini chini, ya watu wanaopenda kuendesha na si kufika tu. Miaka miwili nyuma wakubwa walikaa, wakatazama michoro yao ukutani, wakatangaza kwamba gia za mkono zimepitwa na wakati. Kompyuta inabadilisha gia haraka kuliko binadamu, walisema. Ni kweli. Hata kijiko cha umeme, siku kikitengenezwa, kitakula haraka kuliko mtu. Sijui tu atakayeshiba ni nani. Mashine za chumba cha giaboksi ziliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Chumba chenyewe kikapakwa rangi ya maziwa, kikawekwa makochi na mashine ya kahawa, kikawa cha kupumzikia wageni. Bi Gia akapewa saa ya ukutani, kana kwamba kilichomsumbua maisha yake yote ni kutojua saa ngapi.

Sasa wiki iliyopita bintiye akapiga simu. Bintiye ni injinia pale pale kampunini, upande wa magari mapya, kazi aliyoipata kwa kichwa chake na kwa miaka sita ya chuo.

"Mama, gia zimerudi," alisema.

"Zimerudi kutoka wapi? Si mliziuza kwa kilo?"

"Wateja wanalalamika. Wanasema gari linakimbia lakini halina ladha, unakaa ndani kama mzigo. Tumetengeneza jipya lenye mkono wa gia na pedali tatu. Mkurugenzi anataka wewe uwe wa kwanza kulijaribu."

"Niliwaambia," alisema Bi Gia. Kisha akarudia, kwa vile mara moja haikutosha kwa miaka miwili.

Basi huko ndiko alikokuwa akienda.

Walimpokea juu kwenye uwanja wa majaribio. Mkurugenzi, kijana wa miaka arobaini hivi mwenye viatu vyeupe visivyowahi kukutana na grisi, alimvika kilemba cha ukoka mbele ya watu: mama yetu, nguzo yetu, mkono uliojenga jina letu. Mpiga picha alikuwa amekwisha kufunga kamera ndogo kwenye kioo cha gari. Gari lilikuwa jekundu, zuri, hilo hatukatai. Boneti ilikuwa imezungushiwa utepe na kubandikwa karatasi, isifunguliwe hadi siku ya uzinduzi.

"Siri ya kampuni, mama," alisema Mkurugenzi.

"Niendeshe kitu nisichokiona?"

"Tunataka uhukumu kwa mkono tu. Mkono wako unatosha."

Bintiye alikuwa amesimama pembeni na kompyuta kifuani, na hakumtazama mama yake machoni. Bi Gia aliliona hilo. Akadhani mtoto hajalala vizuri.

Aliingia, akakaa, akashika. Hakuna haja ya kutia chumvi: mkono wake ulijua mahali pa kwenda kabla yeye hajaujulisha. Alikanyaga klachi, ikawa na uzito unaostahili. Aliwasha, kiti kikatetemeka. Kwa makusudi kabisa akaiachia klachi upesi kuliko inavyotakiwa, gari likaruka kama mbuzi na kuzima. Bi Gia akacheka peke yake. Miaka miwili hakuna gari lililokuwa limemwambia amekosea. Yote humezea, yote humsahihisha mtu kimya kimya kama mtumishi mwenye kinyongo.

Akazunguka uwanja mara nne. Namba mbili, tatu, nne, anashusha gia kwenye kona, anapandisha akitoka. Kati ya namba mbili na tatu palikuwa na kaubishi kadogo kanakotaka kifundo cha mkono kipinde kidogo, ubishi ule ule wa magiaboksi yaliyotoka kwenye meza yake yeye. Macho yakamwasha. Kitu kimoja tu hakikukaa sawa: gia ya asubuhi, mafuta yakiwa bado baridi, huwa na kiburi cha kuingia, na hii haikuwa na kiburi hata chembe. Wala hakusikia harufu ya mafuta. Akajisemea kwamba vijana wamejifunza, na yeye aache kununa kama mke mwenza. Alitaka kuamini, na mtu akitaka kuamini hata pua yake humfichia habari.

"Hii ndiyo gia," aliiambia kamera. "Nilidhani nitakufa sijaishika tena."

Baada ya mzunguko wa nne alileta gari hadi kwenye mteremko unaoshuka kutoka uwanjani kwenda ukumbi wa mapokezi, akaegesha pale juu unakoanzia. Hapo lazima nieleze desturi ya chumba cha giaboksi. Mle ndani hakuna aliyekuwa akitumia breki nyingine gari likisimama. Unazima injini, unaingiza namba moja, unashuka, unakwenda zako. Gia imeshika injini, injini imeshika magurudumu, na gari haliendi popote hata ukiliegesha ukutani. Fundi aliyevuta breki ya mkono juu ya gia alitaniwa wiki nzima: vipi ndugu, huiamini kazi yako? Kisha alipewa ufagio, afagie chumba. Bi Gia alifagia mara moja tu, mwaka wake wa kwanza, na ikawa imetosha.

Kwa hiyo alizima, akaingiza namba moja, akashuka. Alikuwa na jambo la kuwaambia Mkurugenzi na wenzake, waliosimama chini kidogo, kuhusu ile gia ya asubuhi.

Alikuwa amepiga hatua kumi hivi alipoona uso wa Mkurugenzi umebadilika. Akageuka. Gari lilikuwa linakuja. Halikuunguruma wala halikukwaruza. Lilishuka kimya, taratibu kwanza, kisha si taratibu, likampita ubavuni huku mkono wa gia ukionekana dirishani, umesimama pale pale kwenye namba moja. Chini mlangoni mwa ukumbi mzee wa kufagia alikuwa ameupa mgongo mteremko. Bi Gia alipiga ukelele. Yule mzee aliruka kando akaanguka, gari likapita juu ya ufagio wake, likavunja mlango wa vioo na kukwama kwenye nguzo.

Bi Gia alifika wa kwanza, na umri wake ule.

"Umeumia wapi, kaka?"

"Mguu tu, dada. Umetenguka, nadhani." Alikuwa akiutazama ufagio. "Hilo gari halina mtu?"

"Halina," alisema Bi Gia. "Nililiacha kwenye gia."

Walipomshika mzee na kumpeleka kwa muuguzi, Bi Gia alilirudia gari. Utepe ulikuwa umekatika na boneti imefunguka yenyewe. Ndani hakukuwa na injini. Kulikuwa na nafasi ya kuwekea mabegi, safi, na spika mbili nyeusi. Akaingiza mkono kupitia dirishani, akaing'oa ile ngozi inayofunika shina la mkono wa gia. Chini yake palikuwa na springi, mota ndogo ya ukubwa wa kikombe, na nyaya tano zinazokwenda kwenye kompyuta. Basi. Mkono wa gia uliishia hapo. Gari lilikuwa la umeme, halina gia hata moja. Mlio ulitoka kwenye spika, mtetemo ulitoka chini ya kiti, na kule kuzima kulikomchekesha kulikuwa ni kompyuta inaigiza kukosewa.

Aliuziwa mbuzi kwenye gunia, tena mbele ya kamera, na akamsifia mbuzi.

Bintiye alikuwa amesimama nyuma yake.

"Ulijua," alisema Bi Gia bila kugeuka.

"Nimelitengeneza mimi, mama. Mfumo wa gia ni wangu."

"Kwa hiyo mimi ndiye wa kuchezewa."

"Walisema ukijua utakasirika kabla hujagusa. Walisema, tukimpata Bi Gia tumepata wote. Nilipanga kukwambia mwishoni, ukishashuka." Alinyoosha kidole kwenye mkono wa gia. "Ule ubishi wa kati ya mbili na tatu, umeusikia? Nimeutafuta miezi kumi na minne. Nilikuwa nakumbuka ulivyokuwa unauweka mkono wangu juu ya wako nikiwa mdogo. Nimeuiga mkono wako."

Hapo ndipo hasira zilipompanda hasa, kwa sababu kulikuwa na mapenzi ndani yake na hakujua ayaweke wapi. Mtu akikuibia sahani utamfukuza. Akikuibia mkono kwa sababu anakupenda, utafanya nini?

"Umechukua mkono wangu," alisema, "ukaufunga kwenye hewa tupu."

Kisha Mkurugenzi akawaita.

Waliitiwa kwenye kile chumba cha kupumzikia wageni, kile kile, na Bi Gia alikalishwa kwenye kochi pale ambapo ilikuwa meza yake ya kuunganishia. Mashine ya kahawa ilikuwa ikipumua. Mkurugenzi aliingia na karatasi moja, akakaa mbele yake na kuongea kwa upole ambao ungefaa mtoto mwenye homa.

"Mama, tunashukuru hakuna aliyekufa. Mzee atapona, nimeshaongea na muuguzi. Sasa tuna utaratibu wetu tu hapa. Ajali ikitokea, kuna fomu. Magari yetu yote yana kitufe cha kufunga magurudumu ukishaegesha. Leo kitufe hakikubonyezwa."

"Sikuonyeshwa kitufe."

"Kipo pale kwenye dashibodi, mama. Kila mtu hapa hubonyeza, ni kama kuvuta pumzi. Gari la kuuza litajifunga lenyewe, hili la majaribio bado hatujaliunganisha. Si kosa kubwa. Umri, uchovu, furaha ya siku yenyewe. Watu wataelewa."

"Umri," alisema Bi Gia.

"Ni neno tu."

"Niliingiza gia. Gari likiwa kwenye gia halitembei."

"Lakini halikuwa kwenye gia, mama. Lile si la gia ya namna hiyo. Lile ni la hisia."

"Hisia za nini?"

Mkurugenzi akafungua mikono. "Za kuendesha."

"Sikiliza, baba," alisema Bi Gia, na alijitahidi sauti isipande, ikapanda. "Breki ina maana gani kwako? Ukiikanyaga unataka ikupe hisia za kusimama, au usimame? Gia si pambo. Gia ni chuma kimeuma chuma kingine, na mimi nikiwa juu nakijua kilichoko chini. Ndiyo raha yake, hakuna raha nyingine. Mlikiondoa chuma, sawa, gari ni lenu. Mngeniambia dunia imebadilika, hili ni la umeme, halina haja ya gia, ningelia nikarudi nyumbani. Umeme sina ugomvi nao, ni kitu cha kweli. Lakini mmeondoa kitu, mkabakiza mpini wake, mnataka kuwauzia watu mpini. Na hao watakaonunua ni nani? Ni waliozoea kama mimi. Wenye mkono kama wangu. Mmemtengenezea mtego yule yule anayewapenda."

"La kuuza litajifunga lenyewe, mama, nimesema."

"Basi mkono wa gia wa nini?"

Mkurugenzi alisogeza karatasi. Fomu ilisema kwamba ajali imetokana na kosa la mjaribu gari, kwamba mfumo wa gia hauna dosari, na kwamba mjaribu anakubali picha na maneno yake ya siku hiyo yatumike katika kulitangaza gari. Maneno yake ya siku hiyo. Hii ndiyo gia. Bi Gia aliyasikia tena kichwani, yakamchoma.

"Na nisiposaini?"

Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya, tatizo la watu wa namna yake ni kwamba huwa si wabaya. Alitazama kahawa yake. "Usiposaini, ina maana kosa ni la mfumo. Na mfumo una mwenyewe. Aliyeruhusu gari litoke leo bila kufuli ni injinia wetu, sahihi yake iko pale. Bodi haitanisikiliza mimi."

Bintiye alikuwa kwenye kochi la pembeni, magoti yamebanana, kama alivyokuwa akikaa shuleni siku ya matokeo. Hakusema mama saini, wala hakusema usisaini. Bi Gia alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, ya kumfukuza mtu mezani. Na alijua vile vile kwamba hakuna duniani karatasi ambayo asingeisaini kwa ajili yake. Vyote viwili vilikuwa kifuani mwake kwa wakati mmoja na nafasi ilikuwa ndogo.

"Lete kalamu," alisema.

Mkurugenzi alishusha pumzi, akampa yake. "Asante, mama. Ni hapa juu, unaeleza kosa kwa maneno yako mwenyewe, mstari mmoja tu unatosha. Kisha sahihi hapa. Shahidi anasaini chini. Injinia anaweza kuwa shahidi, alikuwepo."

"Kwa maneno yangu mwenyewe?"

"Ndiyo. Utaratibu."

Bi Gia aliegemea meza ya vioo. Aliandika polepole, kwa mkono ule ule, na alipomaliza alitia sahihi, kisha akaigeuza karatasi kumwelekea Mkurugenzi ili asipate shida ya kuisoma. Ilisomeka hivi: *Nakiri kosa. Nilishika mkono wa gia, nikaamini kwamba upande wa pili kuna kitu.*

Mkurugenzi alisoma. Akasoma tena.

"Mama, hii siwezi kuipeleka kwa bodi."

"Uliomba kosa langu. Sina jingine. Nimekiri, nimesaini, mtoto hana hatia. Si ndivyo ulivyotaka?"

"Ukiweka hii pamoja na ile video..."

"Ziweke pamoja. Nimeruhusu, imeandikwa hapo."

"Nitaleta fomu nyingine," alisema Mkurugenzi, na kunyoosha mkono kuichukua karatasi.

Lakini bintiye alikuwa amekwisha kuinuka. Aliivuta karatasi kwake kabla mkono haujafika, akapiga goti kando ya meza, akaokota kalamu.

"Nafasi ya shahidi iko wazi," alisema.

"Injinia, fikiri kwanza. Unajua ukisaini hapo unasaini nini?"

"Najua."

Bi Gia alifungua mdomo amzuie. Jina la bintiye lilimjia hadi kwenye ulimi, na alilimeza, kwa sababu aliona mkono wa mtoto ulikuwa umetulia.

Chini ya maneno ya mama yake, kwenye nafasi ya shahidi, injinia aliandika: *Mimi nilijua kwamba hakuna kitu.* Akatia sahihi, akaandika jina lake lote kwa herufi zinazosomeka, na cheo chake, na tarehe.